Blanketi la Maharage na Sendofu ya Jovina

Jumapili, 7 Septemba

Nimeteuliwa. Mwenyekiti wa muziki, sendofu ya kumuaga bibi harusi wetu Jovina, binti wa dada yangu Kokuberwa. Jina langu, Ansbert, limepita bila kupingwa. Mpinzani pekee, shemeji Revelian, mdogo wa marehemu mume wa dada, alikuwa chooni.

Nikatangaza spika sita, zile ndefu kama kabati. Kamati ikapiga makofi. Lulu akaziba masikio na kuingia uvunguni mwa meza.

Lulu ni mdogo wake Jovina, ana miaka kumi na mmoja, ana usonji. Kelele, mataa na manukato vikimwingia kwa mpigo, kichwa kinamjaa, analia na kukimbia popote. Kwenye kipaimara cha mwaka jana tulimsaka mpaka tukamkuta amejificha ndani ya gari la watu. Leo Jovina katamka mbele ya kamati: Lulu asipokaa naye pale mbele mpaka mwisho, yeye keki hakati. Dada akafuta machozi na upande wa kanga. Revelian, katoka chooni, akasema basi spika ziwe mbili.

Mbili. Sendofu au kikao cha wazazi shuleni? Nimewaambia niachieni mie. Mtoto atakaa, na spika zitabaki sita.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimewasindikiza dada na Lulu kwenye kituo cha watoto wenye usonji. Mtaalamu wake, sista mmoja mpole anaitwa Lusungu, kaeleza habari ya mgandamizo. Kuna watoto wenye usonji ambao mwili ukibanwa kwa uzito, taratibu, bila papara, wanatulia. Mwingine anataka kukumbatiwa kwa nguvu, mwingine blanketi zito. Akasema si wote, na lazima mtoto aulizwe, maana kiasi anakijua mwenyewe. Akaongeza jambo kuhusu kupunguza kelele. Hapo nilikuwa naangalia simu.

Nilichoshika ni blanketi zito. Yanatoka nje, yanauzwa bei ya kuruka. Na sie tunakaa jirani na soko la Mabibo, maharage yamejaa tele. Lulu akitulia, Dar nzima itanunua. Blanketi la Mjomba. Jina limekuja lenyewe.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelishona. Maharage ya njano, mashuka mawili, vidole vimetobokatoboka. Nikamfunika Lulu ghafla akiangalia katuni, nipate matokeo ya haraka. Alipiga yowe mpaka mama Farida wa nyumba ya pili akaja na mwiko mkononi. Dada akanikumbusha ile ishu ya kuuliza. Nikamjibu sayansi haiombi ruhusa.

Jioni, ajabu. Lulu kalivuta mwenyewe, kajifunika miguu, katulia, anapapasa maharage kwa vidole. Halafu kalisukuma. Kasema linanuka gunia.

Shida ndogo. Nimeliloweka kwenye beseni na sabuni, lilale humo litakate.

Ijumaa, 12 Septemba

Maharage yameota.

Jana nililitoa kwenye beseni, kamba ya kuanikia ikakatika, nikalikunja nikalisukuma chini ya kitanda. Leo asubuhi vichipukizi vinachungulia kwenye mishono. Kuku wa mama Farida wamejipanga mlangoni. Revelian kapita, katazama, kauliza navuna kabla au baada ya vuli. Mtu mzima hovyo.

Dada hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema Jovina ni wake na Lulu ni wake, na hataki kuchagua nani alie kesho. Akaniomba nipunguze spika. Nikamwahidi nitafikiria.

Nimefikiria. Nikipunguza, Revelian kashinda. Zinabaki sita. Isitoshe kesho naingia na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, nikicheza mbele ya wakwe. Suti imepigwa pasi.

Jumamosi, 13 Septemba

Ukumbini Mbweni. Spika zilipowashwa, glasi zilianza kutembea mezani. Niliona fahari kubwa.

Lulu aliingia vizuri, ndani ya sare yake, kamshika dada yake mkono. Kisha mshereheshaji akauliza kama tupo. Ukumbi ukajibu kwamba tupo. Lulu akajikunja, viganja masikioni, akaanza ule mguno wake. Sie wa nyumbani tunaujuaga, baada ya hapo ni mbio. Jovina akaweka maua chini. Dada akasimama. Mie nilikuwa mlango wa jikoni na ndafu wangu, zamu yangu inaitwa.

Sijui nini kilinipata. Nikamtwika Revelian mbuzi, nikaenda. Nikachuchumaa, nikamuuliza Lulu nimbane? Akaitikia kwa kichwa. Kochi la bibi harusi ni la watu wawili. Jovina kulia na gauni lake lote, Lulu katikati, mie kushoto na kilo zangu ambazo sizitaji hapa. Akasema zaidi. Nikaegemea. Zaidi. Jovina naye akaegemea. Lulu akashusha pumzi ndefu, na mikono ikashuka kutoka masikioni.

Nilimwona Revelian akimnong'oneza dijei, na spika nne zikazimwa. Watu waliendelea kucheza, hakuna aliyegundua. Kisha akaingia na ndafu wangu, anacheza kama anakwepa madimbwi. Wakwe walimshangilia.

Kila nikijaribu kunyanyuka Lulu alisema kaa. Nikakaa mpaka keki. Jovina alimlisha Lulu kipande cha kwanza, kabla ya wakwe, kabla hata ya mama yake, na dada akacheka huku analia. Mie nililia tu.

Jumapili, 14 Septemba

Mguu wa kulia bado una ganzi. Dada kanipikia ndizi na nyama, kaniita mdogo wangu mwema. Hajaniitaga hivyo tangu ubatizo wangu.

Lusungu kapiga simu kupongeza. Kasema mambo mawili yalisaidia pamoja na kumbana: aliulizwa, na kelele zilipungua. Nimemshukuru. Mtaalamu naye huwa anaongeza maneno.

Lulu kauliza kama kwenye harusi nitakaa naye tena. Nimemwambia kochi zima letu. Sasa mtoto ana mjomba wa kumbana, spika chache za nini? Nimeagiza nane. Revelian atajua hajui.

Na blanketi jipya nimeshaanza, la mchele. Mchele hauoti. Dada kanionya nisije nikaliloweka tena. Nimemtoa hofu. Hili nitalifua kwa maji ya moto.