Kidonge Kisicho na Jina Kimeshusha Presha ya Mama Bila Idhini Yangu

Kwa Mfamasia wa Dirisha la Pili,
Zahanati ya Mtaa.

Ndugu Mfamasia,

Pokea salamu zangu, ambazo nakupa kwa sababu nilifundishwa adabu na si kwa sababu unazistahili. Nawasilisha malalamiko dhidi ya vidonge ulivyompa mama yangu mzazi, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sabini na minne, mgonjwa wa presha.

Wiki sita zilizopita mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, alimleta Mama dirishani kwako pasipo kunishauri mimi, kifungua mimba. Mama alikuwa anatumia dawa ya kampuni iliyoivumbua, dawa yenye jina lake, ambayo niliichagua mwenyewe na kuinunua kwa miaka miwili kila aliponiambia boksi limeisha. Wewe ukampa ya kiwanda kingine, mnayoiita jeneriki. Kosa lako lina sehemu tano.

1. Kidonge chenu hakina sura. Ni cheupe, kidogo, kwenye pakiti isiyo na hata picha ya moyo. Jina lililoandikwa ni la kiini cha dawa tu, kama mtu anayejitambulisha ukweni kwa kutaja kundi lake la damu. Dawa yetu huja kwenye boksi la buluu lenye ukingo wa dhahabu, na ndani mna karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara kumi na sita. Kila boksi jipya lilipofunguliwa, familia ilikaa sebuleni nami nikasoma karatasi hiyo kwa sauti, nimesimama, tangu matumizi hadi madhara ya nadra. Wajukuu walikatazwa kutafuna. Wewe umetuletea dawa isiyo na cha kusoma.

2. Kimefanya kazi. Hapa ndipo panaponiuma. Chini ya dawa yangu presha ya Mama ilisimama kwenye mia moja sabini na nane na haikuteremka, kwa kuwa dawa yenye heshima zake haikurupuki. Chini ya dawa yako imefika mia moja thelathini na mbili. Muuguzi wenu alipima mara tatu kwa amri yangu, akahamia mkono wa kushoto, kisha nikamtaka ajipime na yeye. Ama Mama amekosea, ama mashine yenu nayo ni jeneriki. Iletwe mashine yenye jina.

3. Majibu yako. Nilipokuja kudai maelezo uliniambia kwamba kiini ni kilekile, kwamba haki ya mvumbuzi ilishaisha muda wake, na kwamba dawa kama hii hairuhusiwi mpaka ipimwe na kuonekana inafika kwenye damu kwa kiasi kinachokubalika. Nikakuuliza, sasa ile bei nyingine yote ninalipia nini? Ukajibu bila kuinua macho kutoka kwenye vidonge ulivyokuwa unahesabu: "Mzee wangu, damu haisomi boksi."

Kwanza, mimi si mzee wako. Nina miaka hamsini na mitatu. Pili, nimeandika magazetini miaka ishirini na saba, nimewatoa jasho maprofesa, safu zangu mbili zimefungiwa kwa ukali wa kalamu, na watu wananisoma kwa sababu ya jina. Kama jina halitibu kitu, nimekuwa nikifanya nini muda wote huo? Usijibu.

4. Mlinzi wa stoo ya mbao, aliyekuwa nyuma ya Mama kwenye foleni, alipewa kidonge hichohicho, na presha yake imeshuka vilevile. Sasa ni marafiki, wanalinganisha vipimo kama wanafunzi siku ya matokeo. Nakuuliza kwa utulivu: kama asiye na kitu atapata nafuu ileile, mwenye uwezo atajuaje kwamba ana uwezo?

5. Nyumbani neno langu limeanguka. Fundi cherehani ndiye anayeulizwa kila jambo, hata siasa. Mama anapanda ngazi hadi ghorofa ya pili bila kushika ukuta, tena mbele ya majirani waliokuwa wakinipa pole na kunisifu kwa kumhudumia. Siku hizi pole sipewi.

Kwa hiyo nadai presha ya Mama irudishwe ilipokuwa hadi uchunguzi huru ukamilike. Kisha ishuke upya, kwa utaratibu, kwa dawa niliyoichagua mimi. Nchi haiwezi kuendeshwa na wagonjwa wanaopata nafuu kiholela. Usiponijibu ndani ya siku saba, mhariri wangu ataisoma barua hii kabla ya mkubwa wako.

Wasalimie wauguzi wote, na mfagizi wa korido aliyenipisha kiti. Mlinzi wa stoo ukimwona, msalimie naye, ila kwa kifupi.

Ni mimi, ninayedai haki,
Mtoto wa kwanza wa mgonjwa.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimeingia chumbani kwa Mama kuchukua lile boksi, ninakili jina la dawa bila kukosea. Ndani nimekuta nusu kumi na tisa za vidonge, zimekatwa sawasawa na mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Nimemuuliza. Amesema, "Nilikuwa nameza nusu, mwanangu. Nilikuona unavyohangaika na pesa kila likiisha."

Boksi la mwezi mmoja lilikuwa linamaliza miwili. Nimesoma "kimoja kizima kila siku" kwa sauti mara kumi na mbili, naye amekaa mbele yangu anaitikia kwa kichwa, na sikuwahi kuhesabu.

Chako anakimeza kizima, kwa sababu anasema hakimtesi mtu. Usibadilishe kitu. Nitakuja mwenyewe kesho asubuhi na kadi yake kuchukua vya mwezi ujao. Karatasi ya kufungia ikikosekana, tumia hii.