Mashine Inaomba Ruhusa ya Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima zote: lifunge. Kama umeshalifungua, basi soma kimoyomoyo, midomo isicheze, na usimwambie mtu hata neno moja. Nina ajira ya kulinda. Yaani, karibu ninayo.

Hali ni hii. Ijumaa kipindi changu cha majaribio hapa masjala kinaisha. Mkuu wa ofisi amenipa mtihani: barua 4,112 za wananchi, zilizopigwa skani pamoja na majibu yake na kutupwa kwenye kompyuta zikiwa na majina kama skani0001. Nizipe majina na kuzipanga kwa tarehe na mwandishi kabla mkaguzi hajafika Ijumaa. Nikiweza, nathibitishwa kazini. Nisipoweza, narudi mikono mitupu kwa shangazi, ambaye ameshautangazia mtaa mzima kwamba nilithibitishwa mwaka jana.

Karani mwandamizi, ambaye sote tunamwita Dada Rejista kwa sababu rejista haitoki mikononi mwake, alinitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, anza leo kufunga virago taratibu, usije ukasahau kikombe."

Hakujua kwamba nina mpango! Binamu yangu, fundi kompyuta, amenidokeza kuhusu msaidizi wa akili bandia anayeishi ndani ya dirisha jeusi. Hakuna picha, hakuna vitufe vya kubofya. Unamwandikia amri, naye anafungua mafaili na kufanya kazi mwenyewe. Niliomba ruhusa ya kumweka. Mkuu aliandika pembeni mwa ombi langu: Sawa, usiharibu kitu.

Nimesoma maelekezo mara nne kabla ya kugusa kibodi. Mahali palipoandikwa WEKA UFUNGUO WAKO HAPA, nikachapa kwa uangalifu mkubwa: WEKA UFUNGUO WAKO HAPA. Herufi kubwa, kama walivyotaka. Ikakataa. Nikarudia. Ikakataa. Nikampigia binamu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaeleza kwamba ufunguo ni ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu niliotumiwa kwa barua pepe. Si wangesema hivyo tangu mwanzo!

Hata hivyo, saa tisa na dakika kumi alasiri, msaidizi alinisalimia. Nami nikamjibu. Mtu wa kwanza katika jengo hili kusalimiana na dirisha!

Jumanne, 4 Machi

Binamu anasema msaidizi husoma faili moja la kanuni kabla ya kuanza kazi, na kila ninachotaka akizingatie nikiandike humo. Nikamwandikia waraka mzima wa taratibu za ofisi, vifungu arobaini na sita. Sikuruka hata nukta.

Kisha nikamwamuru apange barua. Mara akauliza: Naomba ruhusa ya kufungua folda ya Barua. Moja, ndiyo. Mbili, ndiyo, na usiniulize tena. Tatu, hapana.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Ruhusa? Mimi? Karani wa daraja la chini kabisa, tena sijathibitishwa, nitoe ruhusa kwenye ofisi ya watu? Kifungu cha tisa kiko wazi: ruhusa hutolewa na Mkuu, kwa maandishi.

Nikaandika dokezo la kuomba ruhusa, nikachapisha nakala mbili, nikaenda kugonga mlango wa Mkuu. Akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kama kweli mashine inamwomba ruhusa yeye. Nikasema ndiyo, Mkuu, na imekaa inasubiri. Akasema kwa miaka ishirini na miwili ya utumishi hajawahi kuombwa ruhusa kwa adabu namna hiyo, hata na wanawe. Akatia sahihi kwa kalamu ya kijani.

Nikarudi, nikabonyeza moja. Msaidizi akafungua folda. Akaomba ruhusa ya kusoma barua ya kwanza.

Madokezo kumi na manne hadi jioni. Barua zilizopata majina: sita. Lakini sita za kufuata taratibu!

Jumatano, 5 Machi

Kazi imenoga. Mkuu hajafunga mlango tangu asubuhi. Kila akisikia printa inanguruma anaita, "Inasemaje? Inataka nini tena?" Wageni wawili wamesubirishwa kwenye benchi, wakaelezwa kwamba Mkuu anashughulika na mashine. Anavimba kwa fahari, nami navimba pembeni yake.

Saa nne akatoa agizo: kila ombi la mashine lipitie kwa Dada Rejista, liandikwe, lipewe namba, ndipo limfikie. Bao! Aliyeniambia nifunge virago sasa anaandika maombi ya msaidizi wangu kutwa nzima. Alipofikia ombi la thelathini na moja akarusha kalamu. Akataka kujua kwa nini sibonyezi mbili watu wakapumua. Nikamweleza kwa upole kwamba bosi asiyeulizwa tena si bosi tena, na mimi sipindui serikali ya mtu. Akasema nina kisomo kingi kichwani, tatizo ni kwamba hakina mlango wa kutokea. Nimelichukulia kama sifa.

Barua zenye majina: kumi na tisa. Zimebaki 4,093. Nimezihesabu mara mbili, kisha nikaacha.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Mkuu ameitwa makao makuu, siku nzima. Msaidizi anaomba ruhusa ya kubadilisha jina la barua ya ishirini. Anasubiri. Alama yake inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kama mtu anayegongagonga mguu. Nikauliza nani anakaimu. Dada Rejista akainua kidole polepole, akajielekezea kifuani.

Nikampelekea dokezo kwa mikono miwili. Hakulisoma. Akaandika juu yake kwa herufi kubwa: BONYEZA MBILI. Akatia sahihi, akagonga muhuri. Nikamsihi afikirie tena. "We kijana, hilo ni agizo la kaimu. Au unataka nikupigie na tarumbeta?"

Agizo la maandishi ni agizo. Nikafumba macho. Nikabonyeza mbili.

Dakika kumi na moja! Barua zote 4,112 zina majina, tarehe na waandishi. Nimekagua mia moja mwenyewe, hakuna kosa. Dada Rejista akaja kusimama nyuma yangu, mkono kiunoni, akatazama, akasema, "Ehe." Ehe hiyo nitazeeka nayo. Akachapa papo hapo barua yangu ya kuthibitishwa kazini, akaiweka mezani kwa Mkuu. Imebaki sahihi tu! Shangazi amesikia habari. Zamani aliuliza kama nimekula. Leo ameuliza ningependa kula nini.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi alifika saa tatu, mwanamama mwembamba asiyecheka. Nikamwonyesha kazi, kifua mbele. Akauliza folda ya pili ni ya nini.

Folda ya pili? Nikaifungua. ZINASUBIRI SAHIHI YA MKUU. Barua 1,306. Ni kifungu cha thelathini na tatu cha ule waraka wangu: barua ambayo jibu lake halina sahihi ya Mkuu ihesabiwe haijajibiwa, iwekwe kando. Msaidizi alikifuata neno kwa neno. Hata taarifa aliniachia jana chini ya skrini. Sikuisoma. Nilikuwa nasikiliza ile Ehe.

Ya kwanza ina miaka tisa. Mama mmoja anaomba jina la mwanawe lisahihishwe kwenye cheti ili aanze darasa la kwanza. Mkaguzi akaisoma kwa sauti hadi mwisho. Akauliza mtoto huyo yuko wapi sasa. Mkuu akatazama dari, akasema huenda yuko sekondari. "Kwa jina la nani?" akauliza mkaguzi.

Akaagiza: zote zijibiwe kwa kufuata tarehe, na hakuna barua mpya itakayotiwa sahihi kabla hazijaisha. Nikauliza, na barua yangu ya jana? Akatazama tarehe. Mpya. Namba 1,307. Hadi zamu yake ifike, naendelea na majaribio.

Lakini! Mlangoni aligeuka akasema kati ya ofisi zote alizokagua, hii ni ya kwanza kujua idadi kamili ya watu iliowasubirisha. Akaliandika! Mkuu yuko mezani tangu hapo. Anamwandikia yule mama, ameshachana karatasi tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Dada Rejista amepiga hesabu. Barua kumi na moja kwa siku, basi zamu yangu itafika baada ya siku mia moja na kumi na tisa za kazi. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniletea chai, jambo linalotisha zaidi.

Lakini nimepata njia! Msaidizi anaweza kuipandisha barua yangu juu ya foleni kwa sekunde moja. Binamu ananipigia kelele kwenye simu: "Bonyeza tu, kaka!" Bonyeza tu! Watu wasiolelewa ofisini. Nimeandika dokezo la kurasa mbili kumwomba Mkuu ruhusa, naamini ni dokezo bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Dada Rejista amelipokea, amelisoma mara mbili, amegonga muhuri. Ni barua mpya. Namba 1,308.

Kwa hiyo leo, katika jengo zima, hakuna mtumishi mwingine mwenye barua mbili mfululizo kwenye foleni ya Mkuu. Mimi peke yangu.

Ukitaka kunipata, usipige simu wala usije mezani kwangu. Mwandikie Mkuu wa Ofisi, nakala mbili, kupitia kwa Dada Rejista, ukiomba ruhusa ya kuzungumza nami. Utapewa namba 1,309. Njoo baada yangu tu, usiruke foleni.