Nyumba Yangu, Njia ya Osla

Jumatatu, 4 Machi
Wewe uliyeziokota karatasi hizi, nakusihi, usimsomee mtu, hata mkeo. Mimi, Andro Flett, ni karani wa Bwana Pringle, msimamizi wa ardhi za bwana mkubwa hapa visiwani Orkney. Nikijulikana, nimekwisha.

Tumemzika baba. Pringle kaniita. Kwa sheria ya bwana mkubwa, shamba lote ni la mwana wa kwanza. Ndiye mimi! Ila nipige magoti, nikiri kwamba ardhi ni ya bwana, na kila mwaka nimpelekee shayiri na siagi. Nimeomba muda.

Jumatano, 6 Machi
Dawa nimeipata. Shamba letu ni odali: mababu walilimiliki wenyewe, juu yao hakuna bwana ila Mungu. Baraza la wazee likithibitisha, sipeleki hata kijiko cha siagi. Shamba lote, bila bwana! Nimemwomba mkuu wao, Mzee Thorwald, aitishe baraza, kimyakimya. Kasema baraza hukaa kanisani, mbele ya watu wote.

Jumapili, 10 Machi
Baraza limekaa baada ya ibada. Nimejieleza. Wameniambia niongeze sauti. Pringle alikuwa mlangoni! Wazee wamekubali: ni odali. Nikawa naondoka, Mzee Thorwald akanishika koti.

"Unakimbilia wapi, mwanangu? Odali hugawanywa. Waite wadogo zako."

Karani mzima, na hilo sikuliuliza. Nikol kapewa bonde, Sinneva malisho, Osla uwanja wa mbele wote. Mimi, kwa heshima ya kifungua mimba, nyumba tupu.

Jumatatu, 11 Machi
Pringle kanifukuza kazi. Nimerudi, nikamkuta Osla anajenga ukuta wa mawe mbele ya mlango wangu. Nikamkumbusha mimi ni mkubwa wake. Hakuinua hata kichwa.

"Nyumba yako, kaka. Njia yangu. Na mimi sina bwana, ulithibitisha mwenyewe."

Nikitaka kupita, nimpe siagi.

Jumanne, 12 Machi
Kesho nampigia Pringle magoti. Nitaapa wazee wamekosea, ardhi yote ni ya bwana mkubwa. Atanirudishia shamba zima. Likishakuwa mkononi, nitaitisha baraza kuthibitisha kwamba ni odali.

Ukinihitaji, usipite kwa Osla. Zunguka ufukweni maji yakipwa, uje nyuma ya nyumba, ugonge dirisha dogo linaloelekea bahari. Gonga taratibu. Jina langu usilitaje.