Namba Moja Katika Sebule Yangu

Jumapili, 8 Juni 2003

Baada ya ibada. Baridi kali. Sifuna, tunayesimama naye mlangoni kukaribisha waumini, alinishika mkono na hakuuachia. Akatangaza kwamba binti yake Millicent amekuwa namba nne darasani. Shule ya serikali! Ya bure! Watoto mia moja na kumi na wawili darasa moja! Kisha, mbele ya akina mama wa chai: "Na huyo wako, Kiragu? Ako namba ngapi?"

Nikasema namba moja. Ni kweli. Akauliza kati ya wangapi. Nikasema sisi tunazingatia ubora. Akauliza tena. Nikajifanya nimeitwa na pasta.

Binti yangu Debra yuko peke yake darasani. Januari, elimu ilipofanywa ya bure na darasa lake la saba likafurika, nilimtoa. Namfundisha mwenyewe sebuleni hapa Mountain View, kwa vijitabu vya Kikristo tulivyoachiwa na wageni Wamarekani wa semina ya familia. Muda ninao, kwa sababu ofisi ya mjini ilinipunguza mwaka jana. Nilikuwa karani. Sasa ni Mwalimu Mkuu. Mtu wa namba nne anamchekaje mtu wa namba moja? Sielewi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesalitiwa! Waceke, mke wangu, alipitia kule shule ya serikali kabla ya kwenda kazini. Mwalimu mkuu wao, Bi. Awiti, ana nafasi moja tu darasa la saba. Ataishikilia mpaka Ijumaa.

Waceke anasema mwakani ni mtihani wa taifa, na mtoto wetu anajua kuhesabu dola na maili tu. Nilimkumbusha kwamba shuleni kwangu siku huanza kwa neno la Mungu. Akasema hata kule wanaomba, kwenye paredi, kila asubuhi. Hili lilinichanganya. Wanaomba, na bado ni bure?

Tumekubaliana hivi: Debra atafanya mtihani wa zoni, ule wa shule zote za eneo hili, uleule aliofanya Millicent. Akiwa namba moja, anabaki kwangu. Nikashangilia. Waceke akaongeza kwamba awe namba moja kati ya watu, si kati ya makochi.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya kuandikisha wanafunzi. Watoto wa majirani wote wako shule. Nikatafakari. Hakuna aliyesema wanafunzi lazima wawe watoto!

Nimemwandikisha Kasyoka, anayetusaidia kazi za nyumbani. Alikubali mradi nguo za kupiga pasi zingoje. Nimemwandikisha pia Mzee Mwololo, mlinzi wa geti. Aliuliza kama kutakuwa na chai. Nimewachagua kwa makini sana: hawa hawawezi kumshinda mtoto niliyemfundisha kwa mikono yangu.

Wa nne ni mimi. Nitakosea maswali machache kwa makusudi, nishike namba mbili. Namba moja kati ya wanne! Sifuna ajiandae.

Jumatano, 11 Juni

Waceke aliomba ruhusa kazini, akasimamia mtihani mwenyewe. Hakuniruhusu kukaa karibu na Debra. Tulianza kwa sala. Mwololo aliomba kwa muda mrefu kuliko mimi. Sikupenda.

Swali la kumi na moja: ni mwezi gani kati ya hii ambao ni wa baridi Nairobi? Rahisi. Kijitabu cha tano kina picha ya watoto wakirusha theluji. Nikachagua Desemba. Nilipata taabu kidogo kuweka alama kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na sweta yangu ya pili inabana mikono.

Debra alimaliza mapema. Alikaa akitazama dirishani, watoto wenye yunifomu wakipita.

Alhamisi, 12 Juni

Matokeo. Niyaandike upesi.

Namba moja, Mwololo. Namba mbili, Kasyoka. Namba tatu, Debra. Namba nne, mimi. Sikupata hata nafasi ya kukosea kwa makusudi.

Nilidai kuna njama. Waceke akanipa karatasi nizisahihishe tena. Mwololo akapanda alama mbili. Kumbe mzee husoma gazeti la kila mpangaji getini kabla ya kulipeleka mlangoni! Na Kasyoka alikuwa kiranja wa darasa kwao Mwingi. Sikuwahi kumuuliza.

Halafu nikasoma insha ya Debra. Kichwa: Rafiki Yangu. Ukurasa mzima ulikuwa wake. Aliandika mistari mitatu. Kwamba alikuwa na marafiki wengi. Kwamba wako shuleni. Kwamba siku hizi akipata jibu sahihi hana wa kumwonyesha, na akikosea hana wa kucheka naye.

Iliniuma. Niseme ukweli kwa kuwa hakuna asomaye hapa: nilijifungia chooni, nikafungua maji, nikalia. Nilifikiri namfundisha vizuri. Alikuwa ananionyesha majibu mimi kila siku. Kwani mimi si mtu?

Ijumaa, 13 Juni

Nilimpeleka mwenyewe. Nilikuwa na hotuba fupi kwa Bi. Awiti kuhusu malezi ya Kikristo, lakini alikuwa akigawa chaki huku akiamua ugomvi wa penseli, akaniambia niiache mezani. Dawati moja lilikuwa na watoto wanne. Millicent akasukuma wenzake kwa nyonga, nafasi ya tano ikapatikana. Binti wa Sifuna! Debra hakugeuka kuniangalia hata mara moja.

Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kochi lake. Sebule ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Jumatano, 18 Juni

Debra ni mwingine. Anaongea tangu anapoingia mpaka anapolala. Leo, chakulani, alinishika mkono akasema taratibu: "Daddy, please, usikuje shule. Hata paredi. Promise?"

Nikaahidi. Nilimwangalia machoni. Kwa mara ya kwanza tangu Januari aliniegemea begani, na nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Ahadi ya baba ni ahadi.

Lakini alikuja na barua kutoka shuleni kwenye mkoba. Jumamosi wanachagua kamati ya wazazi. Nimeisoma mara tatu. Mwenyekiti hakatazwi na mtu kuja shule, kwa sababu huyo haji, anahudhuria. Na wanahitaji mtu mwenye uzoefu. Ni mzazi gani mwingine aliyewahi kuwa Mwalimu Mkuu? Hata Sifuna anagombea, maskini.

Hotuba iko tayari. Kurasa sita. Nne za kwanza zinaeleza kwa nini mzazi mwenye akili hawezi kumpeleka mtoto wake shule ya serikali.