Kisu cha Mkutubi

Nyusi ya kushoto ya Mkutubi iliondoka Jumanne, saa kumi na nusu jioni, bila kuaga. Ya kulia ilibaki, lakini kwa sura ya mtu anayefikiria kuhama.

Kabla ya siku hiyo Mkutubi alikuwa na uso kamili na kazi ya kimya. Miaka kumi na saba alikuwa ameketi katika maktaba ya shule, akipanga vitabu kwa namba na kuwaambia watu "shh". Mikono yake ilikuwa laini kama nyayo za mtoto ambaye hajaanza kutembea. Mama mkwe wake, mwenye bucha na mikono ya mtu mwenye bucha, aliishika mara moja, siku ile ya kwanza alipoletwa nyumbani kutambulishwa. Aliigeuza, akaitazama juu na chini, kisha akamrudishia mwenyewe.

Tangu hapo, siku za wateja wengi familia nzima ilipoitwa kusaidia buchani, kila mtu alipewa kazi ya kiwango chake. Mke wa Mkutubi alipima. Mwanyumba wake, yaani mume wa dada mkubwa wa mkewe, dereva wa lori mwenye shingo ya fahali, alipasua mifupa. Mkutubi alishika mfuko. Alishika mdomo wa mfuko wazi, nyama ikaingia, akaukabidhi kwa mteja. Miaka kumi na tano hakuwahi kukabidhiwa kisu, hata cha kukatia kamba.

Basi Jumapili moja, mezani, mama mkwe akatangaza kwamba bucha inahamia chumba kipya ng'ambo ya barabara, na itafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.

"Mzani mpya utatoka kwangu," akasema mwanyumba, mdomo umejaa.

Macho yote yakamgeukia Mkutubi.

"Mimi," akasema Mkutubi, na hadi leo hajui maneno yalitokea mlango gani, "nitakuletea kisu, mama. Si cha kununua. Nitakifua mwenyewe."

"Kufua?" mwanyumba akauliza. "Wewe hata soksi unafuliwa."

"Nyama ya kwanza ya duka jipya utaikata nacho, mama."

Mama mkwe akaacha kutafuna. Alimtazama mkwewe kama anavyotazama mguu wa ng'ombe ulioletwa na mtu asiyemjua.

"Haya, baba," akasema. "Nitakata nacho. Mbele za watu."

Maji yalikuwa yamemwagika, na ndoo ilikuwa mikononi mwa Mkutubi.

Sasa, kusema kweli, kisu kilikuwa kimemkaa moyoni muda mrefu. Mchana maktaba ikiwa tupu, alikuwa akitazama kwenye simu wanaume wenye ndevu na aproni za ngozi wakigeuza vyuma chakavu kuwa visu vinavyong'aa kama mwezi. Kwenye simu, kisu huchukua dakika nane pamoja na muziki. Ila kwa sababu ya kazi yake Mkutubi alitazama bila sauti, kwa hiyo hakuwahi kusikia maonyo hata moja.

Vifaa vilikuwa shida, kwani mfuko wake uliruhusu mkaa tu. Lakini maskini hakosi akili. Tanuri alilipata kwa fundi gereji: drami kuukuu ya breki, nzito kama dhamiri, akaisimamisha juu ya miguu ya kiti kilichokufa. Fuawe ya kupigia chuma ilikuwa kichwa cha nyundo kubwa ya kupasulia mawe, kilichopigiliwa kwenye gogo. Kuhusu upepo wa kuvuvia moto, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia chumba cha mbele ambako mkewe, msusi, alikuwa na wateja wake.

Dakika tano baadaye sauti ikatoka dirishani. "Draya yangu iko wapi?"

"Ipo kazini!"

"Kazi gani, na kichwa cha mteja kiko hapa kinatiririka?"

Mkutubi alikuwa ameinama juu ya drami kuangalia kama mkaa umefikia rangi ya chungwa bivu, kama walivyoonyesha wenye ndevu. Na akiwa ameinama hivyo, dole gumba lake laini likaisogeza draya kutoka upepo mdogo hadi upepo mkubwa.

Ndipo nyusi ilipoondoka.

Mkewe hakumgombeza. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akachukua penseli ya wanja, akamchorea nyingine.

"Usicheke," akamwambia, yeye mwenyewe akiwa ameuma midomo. "Ukicheka itapinda."

Ikapinda. Kuanzia hapo, kila asubuhi Mkutubi alichorwa kabla ya kwenda kazini, na uso wake ukawa unategemea hali ya ndoa. Walipoamka vizuri, nyusi ilikaa kwa staha. Walipokuwa wamezozana juu ya draya, ambayo sasa ilinuka mkaa na kupuliza majivu kwenye vichwa vya watu, nyusi ilipanda hadi katikati ya paji, na Mkutubi akashinda maktabani kutwa nzima akiwa ameshangaa upande mmoja.

Kisu cha kwanza alikitengeneza kwa kipande cha nondo. Kilipendeza. Alikijaribu kwenye papai, na papai likashinda. Kisu kilipinda kikamtazama mwenyewe.

"Nondo ni chuma laini, mzee," fundi gereji akamweleza, akikinyoosha kwa mkono mmoja kama mtu anayenyoosha kola. "Ukikipasha moto ukakichovya kwenye mafuta, kinaoga tu, kinatoka kama kilivyoingia. Tafuta tupa kuukuu. Ile ina chuma chenye hasira."

"Wewe huna tupa kuukuu?"

"Ninazo nyingi. Ndizo ninazofanyia kazi."

Mkutubi akarudi nyumbani na nyusi ya huzuni, na siku tisa tu mkononi. Na hapo, kama bahati ilivyo na utani wake, akaingia stoo kutafuta gunia la mkaa. Mama mkwe, katika pilikapilika za kuhama, alikuwa ameleta kwao maboksi matatu ya vitu vya bucha wamtunzie. Moja lilikuwa wazi. Chini kabisa, chini ya aproni na viatu vya mvua, kulikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa.

Akakifungua. Tupa! Ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, ya duara, nzito, yenye mpini wa mti mweusi. Ila ilikuwa imezeeka mno. Mkutubi alipitisha kidole mwili mzima, asiguse jino hata moja. Laini tupu.

"Maskini," akaiambia. "Umetumika mpaka umebaki kibogoyo."

Mwenye bucha atataka tupa ya nini, tena isiyo na meno? Mkutubi alijiuliza swali hilo mara moja, akalijibu mwenyewe, akaridhika na jibu. Aliamini kabisa kwamba anamfanyia mama mkwe usafi.

Loo, siku zilizofuata! Chuma kiliwaka, nyundo ikapanda, nyundo ikashuka, kang! kang! kang! Mtu aliyekaa miaka kumi na saba akinyamazisha watu alikuwa sasa anapiga kelele kwa haki, jua likiwaka, katika ua wake mwenyewe. Alicheka peke yake. Alipiga hata pale ambapo hapakuhitaji kupigwa.

Jirani wa nyuma ya ukuta, mama mmoja muuguzi mstaafu, akachungulia. "Mkutubi," akasema, kidole mdomoni, "shh!"

Jirani huyo huyo alirudi siku ya kuchovya. Mkutubi alikuwa amekitoa kisu motoni kikiwa chekundu, akakisogezea sumaku ya redio mbovu, sumaku ikakikataa. Hiyo ndiyo dalili kwamba kimeiva. Akakizamisha kwenye sufuria ya mafuta ya kupikia. Moshi ukavuka ukuta, na baada ya muda jirani akaonekana mlangoni na sahani.

"Nimesikia harufu, nikasema labda mnakaanga."

"Tunakaanga kisu, mama."

Jirani akaichungulia sufuria. "Na kinaiva saa ngapi?"

Ilibaki hatua moja, ile ya kukirudisha kisu kwenye joto dogo ili chuma kipunguze hasira kisiwe kikali mpaka kikavunjika. Hatua hiyo inataka oveni, na oveni hakuwa nayo. Akairuka. Hasira, aliona, ni sifa kwa kisu. Kukikwangua kiwe chembamba nako alikufanya kwa mkono wa birika, kwa kuwa roho ilimuuma kupoteza chuma kizuri. Mgongo ukabaki mnene kama rula ya ubaoni. Mpini hakuutupa. Mti mzuri kama ule angeununua wapi? Tena ulikuwa na kishimo kidogo ubavuni, mahali ambapo dole gumba lilizama kama limeitwa. Aliupasua katikati, akaubana kwa misumari miwili, akaupaka mafuta. Kishimo kikabaki.

Jumamosi ikafika. Duka jipya lilinuka rangi, foleni imefika barabarani, mzani wa mwanyumba unang'aa. Mkutubi akaingia na kisu kwenye taulo, amekibeba kama mtoto mchanga, nyusi imechorwa kwa ustadi wa sikukuu.

Akakifunua. Watu wakasema "aaa". Hata mwanyumba akainama kukiangalia.

"Umefua kwa chuma gani?" akauliza.

Angesema nini, stoo, chini ya viatu vya mvua? "Spring ya treni," akasema Mkutubi. "Treni ya zamani. Ya mvuke."

"Ya mvuke?"

"Sasa hivi hazipatikani."

Mama mkwe alifuta mikono, akakichukua kisu, akaupandisha mnofu mezani. Foleni ikanyamaza. Mkutubi alikuwa ametawala vyumba vingi vya kimya, lakini hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Kisu kikashuka. Mnofu ukakunjamana kama mtu anayetekenywa. Mama mkwe akavuta tena, akakandamiza. Mnofu ukahamia upande wa pili wa meza ukiwa mzima. Akajaribu kwenye mfupa. Kipande cha makali, kidogo kama ukucha, kikaruka *ting* kikagonga mzani wa mwanyumba.

"Treni imeacha reli," akasema mtu kwenye foleni.

"Nyamazeni," akasema mama mkwe. "Kisu kipya ni kama mkwe mpya, lazima kinolewe kwanza." Moyo wa Mkutubi ukapanda. "Hata hiki changu cha siku zote kimekuwa butu tangu nihame. Mwanangu, nipe chuma changu cha kunolea. Kiko kwenye lile boksi la viatu vya mvua, kimefungwa kitambaa."

Mke wa Mkutubi akainama kwenye boksi, lililorudishwa dukani asubuhi hiyo.

Mkutubi alisikia baridi ikianzia kisiginoni. Chuma cha kunolea. Kirefu, cha duara, laini, kisicho na meno kwa sababu hakikuumbwa nayo. Jasho likamtoka. Nyusi ya kushoto ikaanza kushuka shavuni, taratibu.

"Mama, sikioni."

"Angalia vizuri. Miaka thelathini sijawahi kukipoteza."

Na akiwa anasema hivyo, bila kutazama, dole gumba la mama mkwe likazama kwenye kishimo cha mpini. Likakaa. Lilikuwa kwao. Ni lenyewe lililokichimba, asubuhi baada ya asubuhi, kwa miaka hiyo thelathini.

Akautazama mpini. Akautazama mgongo wa kisu. Akamtazama mkwewe.

"Baba," akasema kwa upole wa kutisha. "Hii treni ilipita wapi?"

"Stoo, mama."

"Stoo."

"Nilidhani ni tupa iliyoisha meno."

Nyusi ikadondokea kola. Mwanyumba alicheka mpaka akauegemea mzani wake, na mzani ukamsoma kilo nyingi kuliko anazokiri. Mke wa Mkutubi alibaki ameingiza kichwa ndani ya boksi, mabega yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia.

Mama mkwe hakucheka. Alisimama na kile kitu mkononi muda mrefu kiasi kwamba Mkutubi aliwaza miaka kumi na tano mingine ya kushika mfuko, na mingine tena baada ya hiyo. Foleni ikaanza kukohoa. Ndipo mama akakichukua kisu chake cha zamani, chembamba kama jani, akakilaza juu ya mgongo mnene wa kisu cha Mkutubi, akavuta. *Shiii*. Upande wa pili, *shiii*. Mara sita, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akaugusa mnofu, na mnofu ukafunguka wenyewe kama mlango wa mtu mkarimu.

"Kinafanya kazi," akasema.

Akautazama tena mgongo ule, safari hii kwa makini zaidi. "Chuma kimepigwa, kimechomwa, kimekaangwa, na bado kinakumbuka kazi yake. Kina akili kuliko aliyekipiga. Haya, nani wa kwanza?"

Hadi leo kisu cha Mkutubi kinaning'inia kwa kamba kwenye msumari, pale pale ambapo chuma cha kunolea kingening'inia, na kila asubuhi kinanoa visu vyote vya bucha. Nyusi imeota, imepinda kidogo. Draya mpya inanunuliwa polepole.

Juzi mteja mgeni alikiona. "Mama, kile kisu kizuri pale ukutani, kinakata nini?"

"Hakikati," akasema mama mkwe, bila kuinua macho. "Kinawasaidia wanaokata." Kisha akaelekeza kidevu mwisho wa meza, alikosimama mkwewe. "Kama huyu."

Mkutubi akafungua mdomo wa mfuko.