Akordi za Saksofoni

Jumatatu, 15 Machi 1993

Siku kubwa! Jumamosi klabu ya kampuni inampokea Mkurugenzi mpya, na inasemekana anapenda jazi. Orkestra yetu itapiga. Mkuu wa orkestra ni Kalala, mpiga piano. Katibu, na mtikisaji wa marakasi, yaani manyanga, ni mimi, Nkulu. Natikisa mwaka wa tisa huu. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi hata mbichi sijaonjeshwa.

Lakini mambo yanageuka. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wanafukuzwa kwetu, warudishwe huko kwa treni, na Kalala yumo kwenye orodha. Amezaliwa hapahapa Kolwezi, baba yake kachimba shaba hapa, lakini orodha haiulizi hayo. Limebaki tundu moja: ofisi ya wafanyakazi imesema atabaki kama katibu wa orkestra ataandika kwamba bila yeye hakuna muziki. Katibu ndiye mimi.

Kalala alipita jioni na mke wake, mama Laurentine. Akaniomba kwa upole: "Tata Nkulu, ile barua utaandika lini? Batoto banaanza kufunga bintu." Nikasema kesho. Ukweli ni kwamba akibaki, nitatikisa miaka mingine tisa.

Jumanne, 16 Machi

Barua bado. Kalamu imeishiwa wino. (Ninazo nyingine tatu.)

Kalala hakukasirika. Alinipeleka ofisini, kwenye kompyuta aliyoiacha mhandisi Mbelgiji alipokimbia wakati wa uporaji wa askari mwaka juzi. Ina programu ya kuchapa muziki. Kalala kajifundisha mwenyewe, na amechapa nyimbo zote za Jumamosi, kila chombo na karatasi yake: melodi kwenye mistari, na juu yake akordi, yaani zile herufi C, F, G, zinazomwelekeza mpigaji akifika kwenye solo na kuachiwa atembee peke yake. Akanipa disketi. Alisema, akiondoka, orkestra isife. Nilimshukuru kwa uso mzito. Moyoni nilicheza. Mwenye disketi ndiye mkuu.

Jumatano, 17 Machi

Nimegundua hila! Nilimwomba Elise, sekretari, anifungulie ofisi. Nikamwambia ni kazi ya Mkurugenzi. Nikafungua wimbo wa kwanza. Gitaa ameandikiwa C. Saksofoni, mahali palepale, A! Penye F ya gitaa, saksofoni kapewa D. Wimbo mzima hivyo, na nyimbo zote hivyo. Na kando ya herufi kadhaa kuna kipembetatu kidogo, mfano wa paa la nyumba. Sijui ni alama ya nani, lakini siipendi.

Ni wazi, Kalala anatuachia bomu. Mtu wa namna hii nimwandikie barua? Dhamiri inakataa. Adolphine, mke wangu, ameniuliza kwa nini nisimuulize Kalala mwenyewe. Wanawake hawaelewi mambo ya upelelezi.

Alhamisi, 18 Machi

Kazi ya kusahihisha. Kila A ya saksofoni naifanya C. Kila D naifanya F. Vipembetatu nafuta vyote. Noti zenyewe sijui kuzisoma, nimeziacha. Akordi mia mbili na kumi na mbili! Nilipofika ya mia mbili na tisa umeme ukakatika, nami sikuwa nimehifadhi. Nikaanza upya. Ukakatika tena. Elise alisema labda mashine imenichoka.

Saa kumi nikamaliza. Juu ya kila karatasi nikachapa: MPANGAJI: NKULU, kwa herufi kubwa kuliko jina la wimbo. Utepe wa kuchapia umechakaa, jina likatoka kijivu. Nikalipitia moja moja kwa kalamu. Wino ulitosha.

Ijumaa, 19 Machi

Familia ya Kalala imehamia kituo cha reli. Wako mamia pale, wanalala kwenye sementi wakingoja treni. Mama Laurentine alipita nyumbani. Hakutaja barua. Alimpa Adolphine sufuria yake kubwa ya bukari, ugali wetu: "Pikia batoto, mama. Mu treni haiko nafasi."  Tangu hapo Adolphine ananiwekea chakula mezani na kugeuka.

Dodo, mpiga saksofoni, aliomba tufanye mazoezi. Nilikataa, ili mshangao usivuje. Nikamwambia kila kitu kimeandikwa. Akajibu: "Mi nitasoma yenye iko mu karatasi." Mtu wa nidhamu. Nitamkumbuka nikipata cheo.

Jumamosi, 20 Machi

Nilisimama mbele, suti ya harusi, marakasi mkono mmoja. Melodi ilikwenda safi. Mkurugenzi alitikisa kiatu. Dakika mbili za utukufu!

Kisha solo ya Dodo. Gitaa akaenda huku, saksofoni kule, wakawa wanapigiana kelele kama majirani wawili na ukuta mmoja. Nilidhani ni woga. Nikampa Dodo ishara aongeze nguvu. Akaongeza. Mke wa Mkurugenzi akaweka glasi chini. Wimbo wa pili vilevile. Wa tatu vilevile, kwa nguvu zaidi.

Kwenye wa nne Mkurugenzi aliinuka na kuuliza nani mkuu hapa. Orkestra nzima ikaninyooshea kidole. Akauliza yuko wapi yule mpiga piano aliyesifiwa kwake. Nikasema amesafiri. Nilipomgombeza Dodo, alinionyesha karatasi yenye jina langu: "Mi nilisoma yenye iko mu karatasi, tata."

Jumapili, 21 Machi

Asubuhi nimeandika barua. Kurasa mbili, nzuri mno: bila Kalala hakuna muziki Kolwezi. Nikakimbia nayo kituoni.

Treni ilikuwa imeshajaa, watu hadi juu ya mabehewa. Nilimkuta Kalala mlangoni, mtoto begani. Akaisoma barua yote katikati ya makelele. Akasema imeandikwa vizuri, lakini ofisi imefunga orodha jana mchana. Nikamuuliza habari ya A na C. Akanieleza palepale, bila haraka. Saksofoni imeundwa hivyo, ukimwandikia A, sauti inayotoka ni C ya wengine. Kipembetatu nacho ni aina ya akordi tu, ile laini. "Kila mutu na karatasi yake, tata, lakini wimbo ni moja."

Akanipa mkono. Treni ikaondoka. Nilisikia haya, haya ya kweli. Nilirudi kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu.

Jumatatu, 22 Machi

Nimeamka na akili safi. Nimelipima jambo lote kwa haki, na kosa si langu, wala si la barua. Kosa ni la saksofoni. Chombo gani hiki, unamwandikia A, yeye anatoa C, wakati sisi wengine wote C yetu ni C? Nimeulizia pia kilikotengenezwa. Si huku.

Nimemwandikia Mkurugenzi leo leo, bila kuchelewa: saksofoni itolewe kwenye orkestra. Nilipokuwa nakagua nikaona tarumbeta naye ameandikiwa D penye C. Nimemwongeza. Dodo alikuja kuuliza sasa nani atapiga. Nimemjibu kwamba gitaa atapiga, na mimi nitatikisa.

Ila mpiga gitaa mwenyewe amekiri mbele yangu kwamba noti zake huandikwa juu kuliko zinavyolia. Kesho naanza kumchunguza.