Mtaalamu wa Miguu ya Kuku

Thobias aliiona riziki yake imekaa chini katika soko la Nyahanga, na riziki hiyo ilikuwa kuku. Kuku mweupe wa kisasa, mwili mzuri, macho mazima, ila miguu imemsaliti. Mama mwenye kuku akimsimamisha, kuku anakunja magoti kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ana nini huyo, mayu?" Thobias aliuliza.

"Miguu, mwanangu. Wangu wote wako hivyo, na wa jirani pia. Tuliambiwa kuku wa kisasa hutaga kila siku. Hatukuambiwa kwamba hutaga mpaka wakashindwa kusimama."

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na Kahama yote ilikuwa na homa ya kuku wa kisasa. Waliokosa dhahabu walifuga, waliopata dhahabu walikula. Thobias hakuwa katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Yeye alikuwa kundi la tatu, la watu wanaoishi kwa maneno. Na wakati huo maneno yalikuwa yamemwishia, maana kule Chato mzee Bujiku alikuwa ametaja ng'ombe wanane wa mahari ya binti yake Nelly, na hakutaka hotuba. Tena alikuwa ameweka siku. Jumapili ya mwisho wa mwezi, asipoona ng'ombe wa Thobias, atawapokea wa mfanyabiashara wa samaki, ambao tayari walikuwa wanajulikana kwa rangi zao.

Thobias hakuwa na ng'ombe hata wa rangi ya kudhaniwa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake, hata akiwa tapeli. Asubuhi ile alikuwa amenunua maandazi, na maandazi yalikuwa yamefungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye jarida la mifugo. Alipokuwa anaramba mafuta aliisoma. Ilisema kwamba madini ya kujenga mifupa yamo ndani ya pumba anayokula kuku, ila yamejifungia, na tumbo la kuku haliwezi kuyafungua. Ikasema kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, kinachanganywa kwenye chakula, nacho huyafungua. Mifupa ikapata nguvu. Pale karatasi ilipochanika, elimu ya Thobias nayo iliishia hapo.

Ilitosha. Dukani kwa Hozefa alinunua unga wa sembe, manjano, na makopo matupu ya hamira.

"Unafungua mgahawa?" Hozefa aliuliza.

"Nafungua hospitali," alijibu Thobias.

Kesho yake alisimama sokoni amevaa koti jeupe. Miguuni pake palikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku palikuwa na kuku aliyefungwa miguu kwa utepe laini tangu alfajiri. Aliinama, akaufungua utepe humohumo sandukuni, akamtoa kuku na kumweka chini. Kuku akaanguka kifudifudi.

"Mabibi na mabwana wa Nyahanga! Nani hapa hajawahi kuingia duarani, shimoni kwa dhahabu?" alipaza sauti. "Dhahabu iko wapi? Imo ndani ya mwamba. Utaila bila nyundo? Huwezi! Basi na madini ya mifupa yamo ndani ya pumba, na kuku wako hana nyundo. Nyundo ndiyo hii." Akainua kopo. "Ki-me-ng'e-nya!"

Akamlisha kuku kijiko kimoja, kisha akaendelea kuhubiri robo saa nzima. Kuku, damu ilipomrudia miguuni, alijinyoosha, akasimama, akatembea, akamdonoa mtu kidole.

Kila mtu aliyekuwa pale alikuwa amewahi kubeba kuku aliyefungwa miguu, kichwa chini, kwenye baiskeli, toka Bukombe au Msalala. Kila mmoja alijua kwamba ukimfungua huanguka kwanza, kisha husimama. Walilijua hilo tangu wakiwa watoto. Lakini siku hiyo mtu alikuwa amevaa koti jeupe, na koti jeupe lina tabia ya kumsahaulisha mtu anachokijua.

Makopo yaliisha kabla ya adhuhuri. Siku ya pili yaliisha tena. Siku ya tatu alikuja yule mama wa kwanza, Zipora, ambaye wengi walimwita Mama Scolastika. Hakununua. Alimchukua kuku wa maonyesho, akamshika mguu, akaupitishia kidole chake juu chini, polepole.

"Mguu mzuri," alisema.

"Ni kazi ya sayansi, mama."

"Naona." Akamrudisha kuku sandukuni, kisha akageukia watu, sauti yake ikawa ya unyonge. "Jamani, mimi ni mjane. Nina kuku mia na kidogo, wote wamekaa kama wazee kwenye mkutano. Kuwanunulia dawa siwezi. Lakini nimewaza. Huyu mwanangu ana dawa tele. Kwa nini asininunulie mimi kuku wangu kwa bei ya kutupa? Awape dawa, wasimame, awauze kwa bei ya kuku wazima. Yeye atatajirika, na mimi nitapata cha kuanzia upya. Au nimekosea kufikiri, baba?"

Macho yote yakamgeukia Thobias.

"Mama, mimi ni mtaalamu, siyo mchuuzi."

"Kwani mtaalamu hapendi faida?" alidakia mwanaume mmoja aliyekuwa amenunua makopo matatu. "Dawa si inaponya?"

"Inaponya!"

"Basi nunua. Au turudishie hela zetu?"

Jasho lilimtoka Thobias ndani ya koti. Lakini tapeli mzuri ni yule ambaye hata akisukumwa shimoni, huangalia kama chini kuna dhahabu. Naye aliiona. Kule machimboni upande wa Geita, wachimbaji wanakula kuku kama moto unavyokula nyasi. Kuku akishaingia chunguni, nani atauliza kama alikuwa anatembea? Bei ya kuku machimboni ni mara tatu ya Kahama. Hao mia wa mjane huyu ni ng'ombe wanane, labda na ndama.

"Kwa kukuhurumia tu, mama," alisema. "Ila bei nasema mimi."

"Sema, baba. Mjane atabisha nini?"

Alisema bei ya aibu. Zipora alilia kidogo, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akakubali. Thobias akampa fedha yote ya makopo isipokuwa nauli, na saa yake ya mkononi juu.

"Wabeja, mwanangu, asante sana," alisema Zipora. "Mungu akusimamishe kama utakavyowasimamisha hao."

Ijumaa asubuhi pikapu ilifika machimboni, matenga yamepangwa mpaka juu. Kuku walikuwa abiria watulivu kuliko wote waliowahi kupita njia ile. Dereva alishusha, akapokea nauli, akageuza gari. Wachimbaji walikusanyika wakiwa wekundu kwa vumbi, na mkuu wa duara, bwana mmoja mpana aitwaye Mageni, akafika akitabasamu.

"Karibu, bwana kuku. Tunachukua wote."

Moyo wa Thobias ulicheza ngoma.

"Haya," Mageni akaendelea, "mtoe wa kwanza, umsimamishe."

"Nimsimamishe nani?"

"Kuku. Pale, mdomoni mwa duara."

"Kwa nini?"

Wachimbaji walimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini tunavaa suruali.

"Wewe ni mgeni," Mageni alisema kwa upole. "Sisi tunafanya kazi chini, na juu yetu ni udongo umeshikwa na miti. Matimba yale ndiyo miguu ya duara. Kuku wa chungu chetu lazima asimame mwenyewe kwanza. Akianguka, hatumli, na siku hiyo hakuna anayeshuka. Tulimla mmoja wa kuanguka mwaka juzi, tukamzika mwenzetu."

"Lakini ndugu zangu, kwani mnakula miguu?"

"Msimamishe, bwana."

Alimsimamisha. Kuku akakaa. Akamsimamisha wa pili, akakaa. Wa tatu alijitahidi, akatembea hatua mbili, akalala ubavu. Mchimbaji mmoja akapiga ishara ya msalaba, wengine wakarudi nyuma.

"Nani amekuuzia hawa?" Mageni aliuliza.

"Mama mmoja Nyahanga. Mjane. Zipora."

Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka nyuma, kikarudi tena. "Mama Scolastika! Yule alitupikia hapa miaka sita! Mwezi uliopita alileta tenga moja, tukamsimamishia kila kuku, tukamrudishia wote. Anatujua kuliko mama zetu!"

Thobias aliegemea tenga. Aliyakumbuka machozi yale na upindo ule wa kanga, akatambua kazi ya mwenzake katika ufundi.

"Lakini hebu," alisema mchimbaji mmoja, akiokota kopo lililodondoka kwenye mizigo. "Hii si ndiyo dawa inayosimamisha kuku? Shemeji yangu alinunua Kahama."

"Ndiyo yenyewe!" walisema. "Mtaalamu ni wewe? Basi shida imekwisha! Wape. Wakisimama, tunanunua kwa bei yako."

Akawapa, angefanyaje? Ijumaa nzima aliwalisha sembe na manjano, wachimbaji wakipokezana kuja kutazama. Jumamosi vilevile. "Lini, mtaalamu?" waliuliza. "Subirini," alijibu. Kimeng'enya kipo kweli duniani, karatasi haikudanganya. Tatizo ni kwamba Thobias hakuwa nacho.

Jumapili mchana lori la dagaa kutoka Chato lilisimama kambini. Utingo, akinywa chai, alisimulia habari za huko: ng'ombe wanane wameingia kwa mzee Bujiku asubuhi, wawili weusi, waliobaki wekundu, na binti anaimbiwa. Thobias aliuliza kama binti alilia. Utingo alisema, alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

Bhoke, mpishi wa kambi, alikuwa anamtazama kwa muda. Alikuja akasimama kando ya matenga, mikono kiunoni.

"Hao kuku wamekosa mifupa," alisema. "Walitaga mpaka mwili ukakopa miguuni. Choma mifupa ya ng'ombe, isage, changanya na dagaa na maganda ya konokono. Wengine watakufa. Wengine wiki mbili, tatu, watasimama."

"Kweli, dada?"

"Nimefuga, sijahubiri."

"Na hiyo mifupa nitaipata wapi?"

"Ninayo gunia zima nyuma ya jiko."

"Mungu akubariki! Nipe, dada yangu."

Bhoke alimtazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka chini kabisa, macho yake yakatulia hapo.

"Sigawi, bwana. Mume wangu anavaa namba nane."

Kuku mia walimtazama, wote wamekaa. Thobias akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.